Muulize Mjomba wa Sinema: Muvi ambayo steringi ndiye mbaya

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari moja huku Mbagala. Vijana wangu wa kidato cha sita wana klabu ya mdahalo, na muhula huu mada ni ubaguzi wa rangi Marekani. Niliwaonyesha Remember the Titans ya Denzel, wakaipenda sana, ila mmoja akauliza: "Mwalimu, mbona mwishoni wote wanakumbatiana? Ilikuwa rahisi hivyo?" Nikakosa jibu. Kuna mtu kaniambia ipo muvi ya zamani, haina rangi, inahusu shule na ubaguzi, na humo yule Kapteni Kirk wa Star Trek ni mtu mbaya kabisa. Fundi wangu wa muvi Kariakoo haijui. Ipo kweli? Ni kisa cha kweli? Na naweza kuwaonyesha wanafunzi? — Mwalimu wa Historia, Mbagala*

Marahaba, mwalimu. Ipo. Na huyo kijana aliyeuliza mnunulie soda, nitakurudishia.

Inaitwa The Intruder, imetoka 1962, na haifiki saa moja na nusu. Aliyeitengeneza ni Roger Corman, aliyefariki 2024 akiwa na miaka 98. Sisi wa enzi za kumbi za sinema za Avalon na Empress tunamjua Corman kwa mazimwi na majumba ya mizimu, muvi za bei poa zilizoshutiwa haraka haraka. The Little Shop of Horrors ya 1960 inasifika hadi leo kwamba sehemu kubwa yake aliimaliza kwa siku mbili. Hii ya shule alikuwa na jambo moyoni. Kampuni hazikuwa na hamu nayo, kwa hiyo yeye na mdogo wake, Gene, wakaingiza mkono kwenye mifuko yao wenyewe. Bajeti haikufika dola 100,000, na kwa Hollywood, hata ya wakati ule, hiyo ilikuwa nauli ya daladala.

Kisa ni hiki. Mji wa kubuni, Caxton, kusini mwa Marekani. Sheria imeshaamua kwamba watoto weusi wataingia sekondari ya wazungu. Wazungu wa pale hawajafurahi, lakini wamenuna tu, wanalalamika na kuendelea na shughuli zao. Ndipo anashuka kwenye basi kijana mtanashati, suti nyeupe, ana adabu mpaka unamtilia shaka. Jina lake Adam Cramer. Anapanga chumba hotelini, halafu anaanza kuzunguka na swali lake moja: mnalionaje hili la shule? Hagombani na mtu. Anauliza, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa. Huyo ndiye William Shatner, miaka minne kabla hajawa Kapteni Kirk.

Usiku mmoja anapanda ngazi za mahakama ya mji na kuhutubia. Mwalimu, kipande hicho kitazame mara mbili kabla hujamwonyesha mtu. Anaanza kwa sauti ya chini, kama mtoto wa watu aliyekuja kuwasaidia. Anawaambia wameonewa, kuna watu wa mbali wamewaamulia mambo yao, na anawataja: wakomunisti, Wayahudi. Kila akitaja, umati unasogea. Sauti inapanda, jasho linamtoka, na wale wale waliokuwa wamenuna wanaanza kupiga kelele. Dakika chache baadaye gari la familia ya weusi linapita pale kwa bahati mbaya, nao wanalizingira na kulitikisa. Cramer hajamgusa mtu. Mpaka mwisho wa muvi mikono yake huioni ikifanya kazi chafu. Kazi hiyo anawaachia wenyeji.

Kanisa la weusi linalipuliwa, mchungaji anakufa. Mhariri wa gazeti la mji, mzungu, mtu wa kawaida tu ambaye mwanzoni hata hakuwa na msimamo mkali, anaamua kutembea na wanafunzi weusi kwenda nao shuleni. Anapigwa mpaka anapoteza jicho. Halafu Cramer anamtisha binti wa mhariri amsingizie mvulana mmoja mweusi, Joey Greene, kwamba alitaka kumbaka. Unajua uongo wa aina hiyo ulikuwa na maana gani Kusini. Watu wanamtoa Joey shuleni na kumkalisha kwenye bembea ya uwanja wa shule, wamemzunguka.

Samahani, mwisho nitakusimulia, maana ndio jibu la kijana wako. Binti analetwa mbele ya umati, anasema amedanganya. Hapo katika muvi nyingine watu wangelia, wangeomba radhi, muziki ungepanda. Huku hakuna. Wanatazamana. Mmoja anaondoka, mwingine anamfuata, wanatawanyika mmoja mmoja kama vile mechi imeahirishwa, na Cramer anabaki peke yake uwanjani akiwaita. Hakuna aliyemwomba Joey msamaha. Hakuna aliyekamatwa pale uwanjani. Kesho yake watafungua maduka, na wale watoto watapita mbele ya maduka hayo wakienda shule. Mimi nimetazama muvi nyingi za mambo haya, na mwisho wa namna hiyo nimeuona kwa nadra. Wengi wa watengenezaji wanashindwa kujizuia. Lazima mtu abadilike roho kabla taa hazijawaka.

Umeuliza kama ni kweli. Si kweli neno kwa neno, ila haikutungwa hewani. Mei 17, 1954, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwamba kutenga shule za umma kwa rangi kunavunja katiba. Mwaka 1956, katika mji mdogo wa Clinton, jimbo la Tennessee, wanafunzi 12 weusi wakaanza sekondari ya wazungu. Akaja mgeni, John Kasper, hana shamba wala ndugu pale, akaanza kuzunguka na kuhutubia mpaka mji ukachafuka na gavana akapeleka askari na vifaru. Desemba ya mwaka huo mchungaji mmoja mzungu, Paul Turner, aliwasindikiza wale wanafunzi shuleni. Alipokuwa akirudi wakamkamata na kumpiga. Sasa unaona yule mhariri wa kwenye muvi ametoka wapi. Shule yenyewe ililipuliwa Oktoba 5, 1958, Jumapili alfajiri, ikawa bahati hakuna mtu ndani. Hata hivyo mwaka 1957 mmoja wa wale 12, Bobby Cain, alikuwa amekwisha kumaliza na kupokea cheti chake hapo hapo.

Mwandishi Charles Beaumont aliandika riwaya juu ya mambo ya namna hiyo mwaka 1959, kisha yeye mwenyewe akaandika skripti ya Corman. Humo ndani anaigiza mkuu wa shule. Mtazame vizuri, ni mwenzako.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi walivyoishuti. Walikwenda kusini mashariki mwa Missouri, kiangazi cha 1961, kwenye miji ya Sikeston, Charleston na East Prairie. Waigizaji wa kazi walikuwa wachache. Umati ni wakazi wa pale pale, na hata Charles Barnes aliyecheza Joey alikuwa kijana wa huko, si mwigizaji wa Hollywood. Corman amesimulia kwamba wenyeji hawakuonyeshwa skripti nzima, maana wangejua inasema nini wangewafukuza kabla ya kazi kuanza. Walikuja kujua kidogo kidogo, vitisho vikaanza, na watu wa kamera wakawa wanamaliza sehemu moja na kuhamia nyingine mbio mbio. Kwa hiyo unapotazama zile sura chini ya ngazi za mahakama, jasho ni jasho la kweli la kiangazi, na wangapi pale walikuwa wanaigiza, Mungu anajua.

Ikapata kitu gani? Hasara. Muhuri wa idhini wa chama cha watengenezaji muvi wa Hollywood ulileta mzozo kwa sababu ya tusi la rangi linalorudiwa kila baada ya muda, na wenye kumbi wengi hawakuitaka. Wakaibadilisha jina, wakaiita I Hate Your Guts!, wakaiita Shame. Uingereza ilikwenda kwa jina la The Stranger. Wapi. Mwaka 1990 Corman alitoa kitabu cha maisha yake chenye jina la kujigamba kwamba ametengeneza muvi mia Hollywood bila kupoteza senti hata moja. Humo ndani hii hapa ikamlazimu akiri kwamba ilimtia hasara.

Dosari ipo, na vijana wako wataiona kabla yako. Wale wanafunzi weusi hawasemi vya kutosha. Joey ana heshima, ana ujasiri, lakini hatumjui anawaza nini usiku. Anayevunja fitna mwishoni ni mchuuzi mzungu aliyekuwa jirani wa Cramer hotelini, ambaye Cramer alikuwa amemharibia ndoa. Yaani mtoto mweusi anaokolewa na hasira za mume aliyedhulumiwa. Hilo peke yake linatosha mdahalo mzima.

Kuhusu kuwaonyesha: kidato cha tano na sita, ndiyo. Chini ya hapo, hapana. Mna lile tusi, mna tuhuma ya ubakaji, na mna kipande cha chumbani ambacho wazazi watakupigia simu. Usiwape kama ilivyo. Kiingereza chake ni cha Kusini, cha kumezameza maneno, na spika za shule tunazijua. Wala usitafute ya kutafsiriwa. Nampenda Lufufu, nimekaa kwenye vibanda umiza nikicheka mpaka machozi kwa tafsiri zake, lakini muvi hii ikipata mtu wa kuichombeza kwa vichekesho imekwisha. Simama mwenyewe na rimoti. Onyesha hotuba, simamisha, waulize: amedanganya wapi, na wapi amesema kweli? Maana humo mna kweli imechanganywa, ndiyo inayofanya uongo upite.

Fundi wako mwambie mwaka na jina la Corman pamoja. Ukisema The Intruder tu atakuwekea kwenye flashi ile ya 2019 ya Dennis Quaid, ya mzee aliyeuza nyumba akakataa kuiacha. Nzuri kwa usiku wa Ijumaa, ila kwa somo lako haina kazi.

*Mjomba, kwenye kijiwe chetu tunabishana. Mimi nasema steringi ni yule mwema, awe anapigana au hapigani. Jamaa anasema steringi ni yeyote anayeonekana sana. Tumalizie ubishi, soda mbili zipo hatarini. — Mbishi wa Tabata Bima*

Umempata mjomba siku nzuri, nimetoka kuandika juu ya hilo hapo juu. Katika The Intruder anayeonekana mwanzo mwisho ni Cramer, na Cramer ni shetani. Corman alifanya makusudi: alimchagua kijana mzuri wa sura, akampa suti safi, ili wewe uliyekaa kwenye kiti umpende kwanza, ushtuke baadaye. Jamaa yako ameshinda. Soda yangu mimi ni tangawizi.

*Hujambo Mjomba, ingawa kwa umri nadhani mimi ni dada yako. Mjukuu wangu anatazama hizi sinema za Wamarekani weusi na shule, kisha akaniuliza: "Bibi, hapa Dar kulikuwa na shule za rangi?" Nikamwambia zilikuwepo. Akashangaa, akasema mbona hajawahi kuona sinema yake. Nami sikuwa na jibu. Unalo? — Bibi wa Upanga*

Sijambo dada, na kama umenizidi basi shikamoo kabisa. Barua yako imefika pamoja na ya mwalimu wa Mbagala, nikasema hizi zikae ukurasa mmoja.

Mwambie mjukuu hivi. Chini ya Waingereza shule zilikuwa tatu tatu: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, kila moja na majengo yake na fungu lake, na unaweza kukisia fungu la nani lilikuwa jembamba. Azania anayopita kila siku ilikuwa ya Wahindi. Tambaza ilikuwa ya Aga Khan kabla ya serikali kuichukua. Watoto wa Kizungu walijengewa shule Iringa mwishoni mwa miaka ya 1950, St Michael's and St George's, ambayo baadaye tukaiita Mkwawa. Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961, na Januari 1962 sheria mpya ya elimu ikaondoa utengano huo. Angalia miaka: Corman anatoa muvi yake New York Mei 1962 kuonyesha watu wanaotaka kuua mtoto kwa sababu kaingia darasani, na huku miezi michache tu nyuma sisi tumefungua milango ileile kwa tangazo la serikali, bila vifaru wala baruti.

Ndiyo maana hakuna sinema, dada. Waandishi wa skripti wanataka baruti. Yaliyotokea kwetu yalikuwa madogo madogo, na hayo ndiyo magumu kuyaandika.

Nitakupa langu. Mimi niliingia sekondari mwishoni mwa miaka ya 60, shule iliyokuwa ya Wahindi, siitaji. Nilikaa dawati moja na kijana wa huko huko kwenu Upanga. Darasani tulikuwa pete na kidole: ananipa majibu ya hesabu, nampa ya Kiswahili. Kengele ya mapumziko ikilia, kila mtu kwao. Wao kwenye baraza la ukumbi, wanafungua vibakuli vya chapati na achari ya embe, harufu inakufuata mpaka uwanjani. Sisi kwenye uzio, tunapitisha senti kwa mama wa mihogo aliyekaa upande wa pili. Hakuna aliyetukataza kukaa nao. Hakuna aliyetuita. Mwalimu mmoja, siku alipomkuta rafiki yangu huyo anakula muhogo wa pilipili kwetu kwenye uzio, alimwita pembeni akamwambia jambo kwa Kigujarati. Kilichosemwa sikukijua, lakini siku iliyofuata dawati langu nilikaa na mtu mwingine.

Haya ebu litengenezee sinema hilo. Hakuna wa kumpiga, hakuna mahakama, hakuna hotuba ya usiku. Kuna mtoto amehamishwa dawati. Anayejua kazi anaweza kukuliza kwa dakika ishirini na kisa hicho, na mjukuu wako angeelewa zaidi kuliko akitazama sinema za Alabama, kule Kusini mwa Marekani, mara kumi.

Nikisema Alabama nimekumbuka: mtafutie Nothing But a Man ya 1964, ya Michael Roemer, ina Ivan Dixon na yule mwimbaji Abbey Lincoln. Nayo ni ya hela kidogo, nayo haikuvuma ilipotoka. Haihusu shule, inahusu fundi wa reli aliyeoa binti wa mchungaji anayetaka mambo yatulie. Humo weusi wanazungumza wao kwa wao, kwenye vibaraza vyao, mambo yao, kile hasa kilichokosekana kwa Corman. Muitazame wote wawili, bibi na mjukuu, mwambie azime simu.

*Mjomba shkamoo. Nipo Sinza, nashuti muvi fupi fupi na kamera ya kukodi. Nimeokoteza milioni tatu na nusu. Washkaji wanasema nipige ya mapenzi ndiyo inauza. Mimi nina stori ya kweli ya mtaani kwetu, haina mapenzi. Nifanyeje? — Dairekta Mtarajiwa*

Marahaba mwanangu. Hela ni yako au ya kukopa? Kama ya kukopa, piga ya mapenzi urudishe deni. Kama ni yako, fanya alivyofanya Corman Missouri: nenda mahali penyewe, tumia nyumba zilizopo na watu wanaoishi humo, lipa vizuri wachache wanaobeba maneno mengi, wengine wape pilau. Usiende Mbezi Beach kukodi ghorofa la watu kwa sababu kila muvi ya Bongo ina ghorofa. Kibali usisahau, na wenyeji waambie ukweli kuhusu unachoshuti. Corman aliponea chupuchupu, wewe unaishi huko huko.

Skripti ukimaliza iprinti uilete ofisini. Usinitumie kwa WhatsApp, kurasa sitini kwenye simu macho yangu hayawezi tena.